Skonzi za Mkono Mmoja

2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na mama. Mguu wake unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua aitumie, asiitunze kabatini kama manukato ya harusi. Mimi huku sijambo. Simu yangu iliangukia kwenye ndoo ya maji ikafa papo hapo, ndiyo maana mnapiga hamnipati. Basi tuandikiane kama watu wa zamani. Na mwandiko usinicheke, naandikia kitandani, karatasi iko juu ya goti.

Nina ombi. Bwenini kwetu, tunapolala wafanyakazi wa kike wa kiwanda, kuna jiko la pamoja, na humo kuna tanuri dogo la umeme ambalo watu wamelifanya kabati la masufuria. Nimelisafisha. Nimejaribu kuoka zile skonzi zako za kitunguu saumu mara tatu, na mara tatu zimeniaibisha. Mama Pacha, huyu ninayekaa naye chumba kimoja, aliigonga moja mezani akauliza, "Hodi! Kuna mtu humo ndani?"

Utasema mtu anayefanya kazi kiwanda cha mikate anashindwaje na skonzi kumi na mbili. Lakini kiwandani mashine ndiyo iliyokuwa inajua, mimi nilikuwa nabonyeza tu. Niambie nakosea wapi. Niambie polepole, kama ulivyokuwa ukinifundisha nikiwa nasimama juu ya kigoda ili nifike mezani.

Msalimie mama. Mwambie nanenepa.

Hamira wako


17 Februari

Mpwa wangu Hamira,

Marahaba, mwanangu. Sisi tupo. Mama yako mguu umetulia, ila macho yanazidi kuingia ukungu, kwa hiyo barua yako nilimsomea mimi. Kwenye kunenepa alicheka mpaka akashika ubavu. Kifua changu nacho kinapiga filimbi asubuhi, unga wa miaka mingi haujataka kutoka, lakini bado nawasha tanuri kila siku na trei mbili zinaisha kabla jua halijawa kali.

Kuhusu mwandiko, kuku aliyekanyaga wino angeandika vizuri zaidi.

Sasa sikiliza. Kosa lako nalijua bila kuliona: unaongeza unga. Donge linakunata, unaogopa, unanyunyiza, halafu unanyunyiza tena. Donge la skonzi lazima linate kidogo. Anayeogopa kunatwa ale biskuti. Unga vikombe vitatu, maziwa ya uvuguvugu kikombe kimoja kisichojaa, hamira vijiko viwili vya chai, sukari kijiko kikubwa, chumvi kijiko cha chai, yai moja, siagi laini vijiko vikubwa vitatu. Kanda robo saa nzima kwa mikono yote miwili, kwa uzito wa mabega, mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Liache liumuke mpaka liwe mara mbili. Kata, viringisha, panga kwenye trei zigusane mabega, ziache ziumuke tena.

Kitunguu saumu usikitie ndani ya donge, kinaidhoofisha hamira. Twanga punje sita, tia kwenye siagi, pasha kwa moto mdogo na epua harufu inapotoka, kabla hakijageuka rangi. Kikiwa kahawia ni kichungu, hakuna dawa. Paka kabla ya kuoka, paka tena zinapotoka, kisha funika kwa kitambaa ili mvuke ulainishe ganda.

Umeandika "nilikuwa nabonyeza." Umehamishwa kitengo? Nisalimie Miwani, msimamizi wenu. Nilipomwandikia akupokee kazini nilimwambia namletea mikono bora kuliko yangu. Asije akaniona mwongo.

Mjomba wako


8 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi mguu umetulia. Kuhusu macho ya mama, tafadhali mpeleke kwa daktari, usimtibu kwa vichekesho.

Nimefuata maneno yako. Kitunguu saumu kimekubali, jiko zima lilinukia mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza kuna sherehe gani. Lakini donge bado. Sipati ile robo saa ya kukanda. Nina swali, usilicheke: mtu anaweza kukanda kwa mkono mmoja? Mama Pacha ana bega bovu, naye anataka kujifunza.

Na swali jingine, la udadisi tu. Wewe uliendesha mashine ya kukandia namba tatu miaka kumi na moja. Ule mfuniko wake ukifunguliwa mashine inatakiwa ijizime yenyewe, sivyo? Enzi zako ilikuwa inajizima?

Kazi ipo. Miwani sijamwona siku nyingi.

Hamira


27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako nimempeleka kwa daktari. Amepewa matone na ameambiwa asubiri. Anauliza kwa nini husemi lolote juu ya likizo.

Mkono mmoja unawezekana. Mwambie huyo mwenye bega asikande kabisa. Achanganye kwa kijiko cha mti mpaka unga mkavu usionekane, afunike, aliache nusu saa. Kisha alowanishe mkono, ashike ukingo wa donge, auvute juu na kuukunjia katikati, azungushe bakuli, avute tena, mara nne. Afunike. Arudie hivyo kila nusu saa, mara tatu au nne. Muda ndio utakaomkandia. Bibi mmoja aliyepooza upande alinionyesha hivyo nikiwa kijana, nami kwa kiburi changu nilidhani ni mapishi ya wavivu.

Ya mashine ni mambo ya zamani. Namba tatu ilikuwa na kelele nyingi, ndiyo ninayokumbuka zaidi.

Hamira, nimetoa barua zako za mwaka jana kwenye kasha. Zile herufi zimelalia kulia. Hizi zinalalia kushoto. Unaandika kwa mkono gani?


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii usimsomee mama. Msomee nyingine, utunge. Unajua kutunga.

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umebaki na kidole gumba peke yake. Ilikuwa tarehe tisa Januari, zamu ya asubuhi. Donge lilikuwa limeganda ukutani mwa pipa la mashine, mfuniko uko wazi kama unavyokuwa siku zote, nikaingiza kikwangulio. Kulabu ya kukandia ilikamata mkono wa koti. Nilidhani nitauvuta. Mama Pacha alikimbia kuzima ukutani, hatua kumi na mbili. Alinihesabia baadaye, sijui kwa nini nilimwuliza. Sikusikia maumivu mpaka nilipoona donge limebadilika rangi.

Simu haikuanguka kwenye maji. Niliizima mwenyewe, mama angejua kwa kuisikia tu sauti yangu.

Mashine haikujizima kwa sababu swichi ya mfuniko ilikuwa imefungwa kwa waya. Tulioko pale wote tuliukuta, tukadhani ndivyo mashine ilivyo. Nikiwa bado nimelala kwenye machela, Miwani aliukata waya kwa koleo akautia mfukoni. Nilimwona. Kesho yake wakaguzi walipokuja mashine ilikuwa safi. Sasa kiwanda kinasema mimi ndiye niliyeifunga swichi siku ile, kwa haraka zangu.

Kikao cha kusikiliza madai yangu ni tarehe 24 Juni. Mama Pacha ana watoto watatu, anaogopa kusema, nami simlaumu. Isitoshe ana mwaka mmoja tu pale. Mtu wa namba tatu wa miaka yote ile ni wewe. Sihitaji barua ndefu, Mjomba. Mistari miwili na sahihi: waya ulikuwepo tangu enzi zangu. Basi.

Skonzi zimelainika. Nilivuta na kukunja kwa kushoto, mara nne nne kama ulivyosema. Wenzangu walizimaliza wamesimama. Nilifunga mlango wa choo nikalia kama mtoto.

Hamira


5 Mei

Mwanangu,

Barua yako niliisoma nimekaa kwenye gunia la unga, na sikuinuka mpaka moto wa tanuri ulipozimika. Siku ile sikuoka skonzi. Mama yako aliuliza kuna nini nikamwambia kifua.

Nakutumia mafuta ya kuchua kovu, paka asubuhi na jioni. Ulale ukiinua mkono juu ya mto. Kula mayai. Na ukitaka kurudi nyumbani rudi, chumba chako hakijakaliwa na mtu, godoro nitalianika. Matone ya macho ya mama yako yanasaidia kidogo, jana alitambua rangi ya shati langu.

Kuhusu waya, mambo ya kiwanda ni mapana na kumbukumbu ya mzee ni chujio. Nisije nikasema jambo likakuharibia. Mwenye nguvu mpishe, Hamira. Wanaweza wakakuhurumia ukinyenyekea.

Nitafikiri vizuri niandike tena.

Mjomba wako


22 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kwa mafuta.

Unamkumbuka bibi aliyepooza aliyekufundisha kukunja donge ukiwa kijana. Waya uliokuwa mbele ya pua yako miaka kumi na moja huukumbuki.

Zimebaki wiki nne na siku tano. Barua huchukua wiki mbili.

Hamira


3 Julai

Hamira,

Najua tarehe imepita. Niliandika barua nne kabla ya hii na zote nilizitia kwenye tanuri. Safari hii nimeanza kwa kuandika anwani kwenye bahasha na kubandika stempu, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Waya ule niliufunga mimi.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili pale. Kila ukifungua mfuniko kukwangua donge, mashine inasimama, na kuiwasha upya kunakula dakika tatu. Kwa zamu moja unapoteza madonge mawili mazima. Nikakata kipande cha waya uliofungia gunia la unga, nikaibana swichi. Ilikuwa kazi ya dakika moja, nami nilikuwa napiga mluzi. Mwezi ule nilitoa mikate mingi kuliko zamu zote. Miwani, wakati huo bado mfanyakazi kama mimi, alikuja akachungulia, akacheka, akasema, "Wewe una akili ya shetani." Wiki iliyofuata mashine nyingine nazo zikafungwa. Mimi ndiye niliyewaonyesha namna.

Nilipewa cheti. Nilikitundika ukutani, wewe mwenyewe ulikuwa unakifuta vumbi ukiwa mdogo.

Mwaka wa saba mzee mmoja alisagwa ncha ya kidole. Tulisema ni uzembe wake. Nililisema na mimi, kwa mdomo huu. Usiku wake niliwaza niukate ule waya, kesho yake tulikuwa na oda kubwa, sikuukata. Halafu nikastaafu, nikauacha pale. Na miaka minne baadaye nikaandika barua wakupokee, nikafurahi waliponijibu kwamba umepangiwa namba tatu. Nilimwambia mama yako, "Mtoto amerithi mashine yangu." Tulisherehekea.

Ulipouliza mara ya kwanza, mwezi wa tatu, nilijua. Sikujua umeumia kiasi gani, lakini nilijua kwa nini unauliza. Niliogopa kushtakiwa. Hilo nililiogopa kidogo. Nililoogopa sana ni wewe usome hivi unavyosoma sasa.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha ni ushahidi wangu, una sahihi, na mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameshuhudia. Itumie kama bado ina kazi. Sikuombi unisamehe, sijui hata maneno yake yanaanzaje.


20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mkono umezoea.

Tarehe 24 Juni nilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na glasi za maji ambazo hakuna aliyezinywa. Mwanasheria wa kiwanda aliniuliza, "Kuna mtu yeyote aliyewahi kuuona waya huo kabla ya siku ya ajali?" Nikamwambia yupo, ameandikiwa. "Yuko wapi?" Nikasema barua yake iko njiani. Akaangalia saa. "Binti, sote tuna kazi." Wakanisogezea karatasi: nikiri ni uzembe wangu, watanilipia hospitali na kuniacha bwenini mpaka mwisho wa mwezi. Nisipokiri, nitoke siku ileile. Kidonda kilikuwa bado kinafungwa bandeji kila siku ya tatu. Nilitia sahihi kwa kushoto. Mwanasheria akasema, "Si mbaya kwa mtu anayejifunza."

Barua yako ilifika tarehe 16 mwezi huu.

Niliisoma mara moja tu. Nilitaka kuichana, ila kuchana karatasi kunahitaji mikono miwili, na sikutaka kumwomba mtu. Kesho yake nikaipeleka kwa mkaguzi wa kazi, mama mmoja mkali mwenye kikohozi. Alisoma ushahidi wako amesimama. Siku hiyohiyo akaenda kiwandani bila kupiga hodi. Mashine nane, sita zimefungwa waya. Namba tatu ilikuwa imefungwa tena, Mjomba. Wameweka binti mwingine pale, ana wiki tano. Zote sita zimezimwa. Miwani amesimamishwa kazi.

Kesi yangu haifunguliwi tena. Nilikiri, kwa hiyo nimekiri. Mama mkaguzi alinieleza hivyo huku anapanga kalamu zake, hakuweza kuniangalia. Barua yako ingefika kabla ya kikao, alisema, ingekuwa habari nyingine. Nawe atakuita uhojiwe. Nenda.

Nimetoka bwenini. Mama Pacha ameacha kazi, tumepanga chumba kimoja chenye uwanja mdogo nyuma, nasi tunaoka skonzi na kuziuza kwenye geti la hospitali. Trei moja kwa siku, mkono wangu hauwezi zaidi, na yeye bega kweli ni bovu, hapo sikudanganya.

Sijui kama nakuchukia. Kuna asubuhi naamka nikiwa nakuchukia, na nikitia mkono kwenye donge sauti inayoniambia nivute, nikunje, ni yako. Sina mahali pa kuipeleka.

Jambo moja nalitaka. Mama hajui. Miezi yote hii umemsomea uongo wangu na wako. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, yote, kuanzia waya. Usimwambie ni ajali.

Hamira


8 Agosti

Hamira,

Nimemwambia.

Ilikuwa Jumapili mchana, amekaa uani anachambua mchele kwa kupapasa. Nilianza na mkono nikajiona nakwepa, nikarudi nikaanza na waya. Hakunikatiza. Mchele ulikuwa unaendelea kupita vidoleni mwake mpaka nilipofika kwenye tarehe tisa Januari. Hapo akaacha kuchambua.

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ule aliokuwa ananisukia nywele," akasema. Basi. Hakulia, hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Aliinuka, akaushika ukuta mpaka chumbani kwake, na mlango ukafungwa. Chakula changu hakukigusa siku ile, wala kesho yake. Jirani ndiye aliyempelekea uji.

Siku ya tatu alitoka amejifunga kitenge cha safari na mfuko mkononi. Akaniambia nimwandikie hii, kwamba ataibeba mwenyewe. Nikamwambia, dada yangu, mguu haujapona, macho hayaoni vizuri, safari ni siku mbili, subiri nikusindikize. Akasema, "Wewe umeshatusindikiza vya kutosha."

Kwa hiyo ukiisoma hii yeye yuko mbele yako. Matone ya macho yako mfuko wa pembeni, mara mbili kwa siku. Ngazi akishuka mshike kiwiko, hataomba. Usimfiche mkono, ameniambia atataka kuushika kwanza kabla ya salamu.

Mimi wito wa mkaguzi nimeupata. Ni tarehe 30. Nitakwenda, na nitakachoulizwa nitasema kama nilivyokuandikia. Nikifika huko sitakuja mlangoni kwenu isipokuwa uniite.

Nilimwuliza katikati ya kuandika hii, naye akiwa tayari mlangoni anasubiri nimalize, "Utakwenda kufanya nini huko, na hali yako hii?"

Akasema, "Kuoka. Yeye ana mkono mmoja. Mimi ninayo miwili. Mikono mitatu inatosha tanuri moja."

Mimi hakunihesabu.